Uzoefu wangu na hadubini ya eksirei ya SSRL katika kuchunguza vichocheo vilivyochoka

Kama unatafiti vichocheo vinavyopasua mafuta mazito kuwa petroli na hujawahi kuomba muda kwenye hadubini ya eksirei ya SSRL, kituo cha mionzi ya sinkrotroni cha Stanford kule Menlo Park, California, omba. Hulipi chochote ilimradi matokeo yachapishwe. Andiko lako la maombi ndilo linalopimwa, na wanasayansi wenzako ndio wanaolisoma, basi liandike kwa makini.

Nilipeleka punje za kichocheo zilizokwisha kutumika kiwandani, kila moja ina upana wa mikromita 70 hivi. Punje inatiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija unazungushwa polepole mbele ya mionzi, picha zinapigwa mpaka nyuzi 180 zitimie. Kwa nikeli, metali inayotoka kwenye mafuta na kubaki kwenye punje, unapiga mara mbili: nishati ya mionzi ikiwa chini kidogo ya elektroni-volti 8,333, ambapo nikeli huanza kuifyonza kwa nguvu, kisha juu yake. Ukizilinganisha seti hizo, unaiona nikeli peke yake na mahali ilipokaa. Chuma nacho vivyo hivyo, kwenye 7,112.

Vipimo vya kawaida vya maabara vilishaniambia mna nikeli na chuma kiasi gani. Havikuniambia viko wapi! Kwenye picha vimerundikana kwenye ganda la nje, na vimeziba midomo ya vitundu vikubwa ambavyo molekuli nzito hupitia kuingia ndani, kama chujio la chai lililojaa majani. Zeolaiti ya katikati, yaani madini yenye vinyweleo ambayo ndiyo hasa hupasua mafuta, ipo, ila mafuta hayaifikii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walichapisha jambo hili mwaka 2015 kwa vipimo vya hapohapo SSRL, lakini kuliona kwenye punje zako mwenyewe ni habari nyingine kabisa.

Mipaka ipo. Picha moja inaonyesha eneo lenye upana wa mikromita 30 hivi, kwa hiyo punje nzima unaiunganisha kwa vipande, na kazi hiyo inakula muda kuliko upigaji wenyewe. Uwezo wa hadubini kuona vitu vidogo unaishia karibu nanomita 30; vinyweleo vya zeolaiti, ambavyo havifiki hata nanomita 1, usivitarajie. Masizi ya kaboni nayo hayaonekani vizuri.

Ushauri wangu mkubwa: usichote punje ovyo. Kiwandani kichocheo kipya huongezwa kila mara, kwa hiyo mpya na kongwe zimechanganyika. Zitenganishe kwanza kwa msongamano. Zile nzito zaidi ndizo zilizozunguka mtamboni muda mrefu na kubeba metali nyingi.