Uzoefu wangu wa kumtafutia nyanya pesa za wazee

Tangu majirani wajue nyanya yangu anapokea pesa za wazee, simu yangu haitulii. Huyu ana mama, yule ana shangazi, mwingine ana mzee jirani anayekaa peke yake, na wote wanauliza swali lile lile: mlipitia wapi? Nimeamua kuandika yote mahali pamoja ili nami nipumue.

Nianze na uamuzi wangu. Mpango wa Inua Jamii ni mzuri na ninaupendekeza kwa yeyote mwenye mzee asiye na kipato. Ila kuingia kwake kunategemea mambo mawili ambayo hutayasikia kwenye matangazo: mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho cha mzee, na kama jina lake litakuwa mezani wakati maafisa wanapoandikisha. Hayo ya nani anamjua nani yanasikika sana vijijini, lakini kwetu hayakusogeza chochote.

Kwa asiyeufahamu, Inua Jamii ni mwavuli wa misaada ya pesa wa serikali ya kitaifa ya Kenya. Chini yake kuna pesa za familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, ambazo zilianza kwa majaribio 2004, kuna za wazee, na kuna za watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji kutunzwa usiku na mchana. Kaunti kame za kaskazini, kama Turkana na Mandera, zina mpango wao wa kukabiliana na njaa. Mwaka 2018 fungu la wazee lilipanuliwa lichukue kila aliyetimiza miaka 70 na ambaye hapokei pensheni. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si hisani ya mtu: Katiba, kifungu cha 43, inasema serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu, na cha 57 kinawataja wazee waziwazi. Ninayataja haya kwa sababu nyanya alikuwa na aibu ya kwenda "kuombaomba", na ni habari ya Katiba iliyomtoa nyumbani.

Nyanya analea wajukuu wawili walioachwa na marehemu shangazi yangu. Ana shamba dogo, kuku kadhaa, na presha.

Sasa, mlango. Niliambiwa niende kwa mwakilishi wadi, nikaambiwa niende afisi ya mbunge, na binamu yangu akanitumia kiungo cha WhatsApp kilichotaka nambari ya kitambulisho cha nyanya pamoja na "ada ndogo ya usajili". Kiungo hicho kitupilie mbali. Kuandikishwa ni bure, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtu anayekutaka pesa ili "asukume jina" anakula kwa jasho lako. Mwakilishi wadi ana basari (pesa za karo) za kaunti na mbunge ana za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, tutazifikia, lakini orodha ya Inua Jamii haishikwi na yeyote kati yao.

Mlango wenyewe ni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Huyu ni wa serikali ya kitaifa. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu tangu ugatuzi uanze kaunti nazo zina idara zao za huduma za jamii, na jina la "kaunti ndogo" linatumika na pande zote mbili. Unaweza kupanga foleni asubuhi nzima mbele ya mlango usiohusika, kisha uambiwe kwa upole kwamba ni jengo lile pale ng'ambo. Njia ya mkato ni kuanza kwa chifu au naibu wake. Wao ndio hutangaza barazani siku ya kuandikisha, na wanajua afisa wa jamii anakaa wapi na siku gani hayuko nyanjani. Mzee wa nyumba kumi naye umwambie mapema, maana maafisa wakishuka kijijini yeye ndiye anayewaonyesha milango.

Afisa tuliyempata alikuwa binti mpole. Alichukua kitambulisho cha nyanya, akakiangalia, akamwangalia nyanya usoni, akakiangalia tena.

"Shosho, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka siujui, mwanangu. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa nilikuwa nachunga mbuzi. Kaka yangu walimchukua mbele ya macho yangu."

Hali ya Hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Kitambulisho kilisema nyanya alizaliwa 1956. Yaani kwa mujibu wa serikali alichunga mbuzi kabla hajazaliwa.

Afisa hakushangaa hata kidogo. Alisema wazee wengi wako hivyo: wakati wa kuandikishwa zamani, karani alimtazama mtu akakadiria, na hakuna aliyefikiri kwamba miaka kumi ya kukadiria ingekuja kuwa tofauti kati ya kupata na kukosa. Yeye kama afisa hawezi kuandika umri tofauti na ule ulio kwenye kitambulisho, hata akiona kwa macho yake kwamba aliyesimama mbele yake amevuka sabini zamani. Kompyuta inasoma mwaka, haisomi mikunjo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa kurekebisha tarehe ya kuzaliwa kwa watu wa usajili, na ili urekebishe lazima uwe na ushahidi. Cheti cha kuzaliwa, kwa mtu wa umri wa nyanya, ni ndoto. Zipo njia nyingine: kadi ya ubatizo, au barua ya daktari wa hospitali ya umma ya kukadiria umri. Sisi tulibahatika na kanisa. Katekista alitoa daftari la zamani, kubwa kama meza ndogo, karatasi zimekuwa rangi ya chai, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi akafika kwenye jina la ubatizo la nyanya na pembeni yake jina la mama yake mzazi. Alibatizwa mchanga, 1947. Nyanya aliomba asomewe tena lile jina la mama yake. Katekista akalisoma tena.

Kama mzee wako ana tatizo hili, anza nalo leo, usingoje usajili utangazwe. Usajili hauko wazi mwaka mzima. Hufunguliwa pesa za kuongeza wanufaika zinapopatikana, kama ilivyofanyika serikali ilipoamua kupanua mpango kuanzia 2023, na ukishafungwa unakaa. Atakayekuwa akihangaikia kitambulisho wakati huo atapitwa.

Siku ya kuandikishwa walikuja nyumbani na kishikwambi. Maswali ni ya nyumba nzima: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mnapika kwa kuni au gesi, maji mnateka wapi, mna ng'ombe wangapi, nani anafanya kazi. Hapa nina neno kwa wenye wazee wenye heshima zao. Nyanya aliamka alfajiri akafagia uwanja wote, akatoa vikombe vya wageni, akavaa kitenge cha Jumapili. Kijana alipouliza kama wiki iliyopita kuna siku walilala bila kula, nyanya akajibu kwa sauti ya juu, "Hapa kwangu hatujakosa chakula." Mjukuu mdogo, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema, "Jumanne tulikunywa chai tu." Nyanya alimtupia jicho ambalo nadhani mtoto atalikumbuka hadi uzeeni, lakini kijana wa kishikwambi aliandika jibu la mtoto.

Kaeni na mzee kabla ya siku hiyo mumweleze kwamba hawa si wageni wa kukaribishwa kwa kufichwa shida. Na upande wa pili pia upo: nimeona mtu akihamishia mbuzi kwa shemeji ili aonekane fukara. Baadaye majina husomwa mbele ya wanakijiji, na wanakijiji hawasahau mbuzi wa mtu.

Kusubiri sitakueleza sana, ni kusubiri tu. Ulizia kwa afisa mara kwa mara bila kuchosha, na uhakikishe nambari ya simu uliyoacha bado iko hewani.

Malipo yalipoanza, nyanya alikuwa akichukulia kwa wakala wa benki kwa alama za vidole. Mikono iliyoshika jembe tangu utotoni haina alama. Wakala alimwomba apanguse kidole gumba kwa kitambaa chenye unyevu, abonyeze, mashine ikakataa. Kidole cha pili, ikakataa. Walifika hadi kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndipo mashine ikalia, na foleni nzima ikapiga makofi. Tukakariri: kidole cha pete, kushoto. Ni kwa ajili ya mambo kama haya mpango unaruhusu mzee awe na mtunzaji aliyeandikishwa rasmi, anayeweza kuchukua kwa niaba yake akiwa mgonjwa. Usiiache nafasi hiyo wazi, na usimweke mtu kwa sababu tu ni kifungua mimba. Mweke anayelala karibu na mzee.

Wakala mwingine, ambaye sitamtaja, alikuwa akimkata kila mzee "ya soda". Kidogo kidogo, lakini wazee walikuwa wengi. Nyanya hakutaka fujo. Nilichofanya ni kuzungumza na kamati ya ustawi ya wanufaika. Ni watu wa pale pale kijijini, waliochaguliwa na wanufaika wenzao, na kazi yao mojawapo ni kupeleka malalamiko kwa afisa. Mama mmoja wa kamati, mfupi, sauti kama ya mhubiri, alisimama pale siku ya malipo akahesabu pesa mkononi mwa kila mzee aliyetoka. Soda iliisha siku hiyo hiyo.

Je, 2,000 zinatosha? Hazitoshi. Kiwango hicho kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda na kushuka na kupanda. Kwa nyanya ni dawa za presha, sabuni, mafuta ya kupikia na kalamu za watoto, basi. Lakini kuna kitu sikukitarajia: sasa anakopesheka. Mwenye duka anampa unga kwa sababu anajua kuna pesa inakuja, na kwenye chama chake cha akina mama amerudi kuchanga. Hapo ndipo ninapotia onyo, msimwache mzee akope kwa kutegemea tarehe fulani. Pesa hizi mara nyingine hutoka kwa mafungu ya miezi kadhaa pamoja, na mwenye duka hangoji Hazina ya Kitaifa.

Tukiwa kwenye safari hiyo tuligundua misaada mingine ambayo haikuhitaji kungoja. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, watu huikimbia kwa sababu ya mchango, ambao kwa asiye na mshahara ni angalau shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hawajui kwamba ukishajisajili tu, matibabu ya msingi kwenye zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na serikali hata kabla hujachanga. Mchango ndio unaofungua hospitali kubwa. Presha ya nyanya inapimwa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa 2023. Hatukumwomba. Alipita tu na mkoba wake, na sasa anapita kila mara. Kama kwenu hapiti, uliza zahanati ni nani amepangiwa boma lenu.

Basari za wajukuu ni hadithi ndefu. Kwa ufupi: za NG-CDF na za kaunti ni fomu mbili tofauti, zina muda wake wa kufungwa, na vyeti vya kifo vya wazazi vinahitajika kila mahali, kwa hiyo toa nakala nyingi uzipeleke zikathibitishwe mara moja. Chifu hutia muhuri. Nenda asubuhi.

Na kwa mnaouliza kuhusu wazazi wa miaka sitini na kitu: fungu la wazee halitawachukua sasa, hata hali iwe mbaya vipi, lakini msikae tu. Kama nyumbani kuna mayatima, ulizia fungu lao. Kama kuna mwenye ulemavu, apelekwe hospitali ya umma inayofanya tathmini, kisha aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila tathmini hiyo hakuna afisa atakayesonga mbele naye. Angalieni kitambulisho cha mzazi leo, mwaka, herufi za jina, kila kitu. Na kwa kuwa malipo yanahamia kwenye simu, laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe, si chako.