TAHADHARI: yule mama wa lenzi za "maji mengi" hapa Goma

Ndugu zangu wa Goma, siku nne sikuandika kitu. Mwangaza wa simu ulikuwa unanichoma macho, na zaidi ya hapo nilikuwa na haya. Leo haya imekwisha, imebaki hasira.

Mnajua mimi ni mtu wa miwani, na kwa arusi ya mdogo wangu nilitaka lenzi badala yake. Sirudii huko. Nasema juu ya ile Alhamisi kabla ya arusi, nilipokwenda kwa yule mama anayeuza lenzi za kuvaa juu ya jicho.

Anauzia katika chumba cha mbele cha nyumba, kule Birere. Pazia jeupe, ubao wa herufi ukutani, yeye mwenyewe na koti jeupe la daktari. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akanimulika kwa toshi, akanyamaza kidogo kama mtu anayesoma. Kisha akasema, "Yaya, macho yako ni makavu sana. Ni hili vumbi la mawe yetu." Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu sikuwa nimemwambia lolote juu ya ukavu. Sasa najiuliza: kiangazi hiki, nani anashuka kwenye pikipiki hapa Goma macho yake hayajakauka?

Akatoa flakoni, kichupa cha kioo, lenzi mbili zinaelea ndani, akaitikisa mbele ya dirisha. "Hizi zina maji 70 kwa mia. Jicho kavu linataka nini? Maji. Lenzi inalinywesha." Dola 30. Nikaomba 25, akakubali upesi. Akanivika yeye mwenyewe, kwa kidole kilekile kilichotoka kuhesabu noti zangu. Nilikiona kile kidole. Nikanyamaza.

Msiniambie nilikuwa mjinga. Mwenzangu wa kwaya alinunua palepale, miezi miwili hana shida. Na yale maneno ya maji, nani angeyakataa? Mtu mwenye kiu unampa maji.

Jumamosi mchana, upepo umeanza, nikahisi mchanga chini ya kope. Nikampigia. "Suuza na maji safi ya chupa, urudishe. Na usiku usizitoe, jicho litazoea." Nikafanya vyote viwili! Jumapili asubuhi sikuweza kutazama dirisha. Macho mekundu, machozi yanatiririka, mama yangu analia kuliko mimi.

Dokta wa macho alinitia dawa ya rangi ya manjano, akawasha taa ya bluu, akaona kioo cha mbele cha jicho la kuume kimechubuka. Akanieleza lile jambo la maji: lenzi yenye maji mengi ikipigwa na upepo inakauka, halafu inavuta machozi yako yenyewe. Inakunywa jicho. Yule mama alinigeuzia ukweli kichwa chini! Mwenye macho makavu mara nyingi hupewa lenzi za silikoni haidrojeli, zinazopitisha hewa vizuri, zile za kuvaa siku moja na kutupa jioni, pamoja na machozi ya dawa yasiyo na kihifadhi. Na maji, hata ya chupa, hayagusi lenzi kabisa: kuna kijidudu kiitwacho akantameba kinachoweza kumtia mtu upofu. Mimi nimeambiwa nirudi kwenye miwani kwanza.

Jumanne nilirudi kwake na shemeji yangu. Akasema sikusuuza vizuri. Alisema hivyo mbele ya wateja wawili, wasichana wadogo, wanangoja zamu! Huyu anyang'anywe lile koti. Afikishwe parke, kwa mwendesha mashtaka, alipe dokta wangu, alipe dawa zangu, na chumba kile kifungwe kabla mtoto wa mtu hajapofuka. Si mambo ya kusameheana. Jicho haliuzwi sokoni.

Mtamjuaje? Flakoni haina karatasi: hakuna tarehe ya kwisha, hakuna namba ya kiwanda, hakuna ile BC wala DIA inayoonyesha mkunjo na upana wa lenzi. Hakupima mkunjo wa jicho langu, sote anatupatia saizi moja. Risiti hana. Kila mtu anaambiwa alale nazo.

Flakoni yangu nimeitunza. Mliowahi kununua kwake, zenu msitupe. Niandikieni pembeni, Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana kwenye mzunguko wa Chukudu, tunaenda parke pamoja.