Karakana ya chaja Mabatini: imeniokoa kipindi cha giza

Nachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa Igombe, Mwanza, mwaka wa saba sasa. Chaja yangu ni ile kubwa ya volti 24, unafunga betri mbilimbili, jozi kadhaa kwa mpigo. Vijana wanazileta asubuhi wakitoka ziwani, jioni wanazifuata. Mbalamwezi ikiwaka kazi inapoa kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Ila giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, chaja ikilala na mitumbwi inalala.

Mwezi uliopita giza ndiyo kwanza limeanza, betri zikawa zinazimika saa saba usiku, watu wako katikati ya maji. Nililaumiwa, na walikuwa na haki. Taa ya chaja ilikuwa inawaka kama kawaida, lakini mshale wa ampia uliozoea kuanzia 40 haukupita 20, na mngurumo wake ukawa mzito, si ule niliouzoea. Fundi wa kwanza alisikiliza huo mngurumo tu. Hata skrubu hakugusa. Akasema transfoma imekwisha, nitafute 450,000.

Dereva wa bajaji ndiye aliyenipeleka Mabatini, kwenye karakana ndogo iliyo juu kidogo kwenye miamba. Kijana akanipa shikamoo, na kabla hajafungua chochote akauliza: betri zote zinarudi dhaifu au baadhi? Zikikaa saa chache baada ya kuchajiwa zinasoma ngapi? Nilikuwa na daftari langu. Nyingi zilisoma volti 12.2, na iliyojaa vizuri inatakiwa ifike 12.6 au 12.7. Moja ilikuwa 10.4. Akaiweka pembeni hapo hapo: "Mama, hii seli moja imekufa. Usiihesabie chaja kosa." Nilimpenda kwa neno hilo, maana angeweza kunyamaza.

Halafu akawasha chaja ikiwa na betri, akapima ndani kwenye vituo inapotokea waya: 28.1. Akapima kwenye vibanio vilivyoshika betri: 26.3. Karibu volti mbili zinapotelea njiani! Akaniambia nishike waya karibu na kibanio. Ulikuwa wa moto. Alipoukata plastiki, shaba ndani imegeuka unga wa kijani, mvuke wa asidi umeila miaka yote hiyo mimi nikifuta vibanio kwa nje tu.

Akazima, akachomoa umeme, akaingia kwenye dayodi, vile vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Zipo nne. Alizitenganisha, akaweka mita upande huu na upande ule. Tatu zilisoma kama 0.5 upande mmoja na upande wa pili zikakataa, ndivyo inavyotakiwa. Ya nne ilikataa pande zote mbili. Akanieleza polepole: dayodi moja ikikatika, nusu ya umeme haipiti, ampia zinashuka, na transfoma inanguruma vibaya ingawa yenyewe ni nzima. Kumbe ule mngurumo aliousikia fundi wa kwanza ulikuwa wa kweli, ila ulitoka kwingine.

Nilidhani tumemaliza. "Mama, hii chaja ilikuwa inapumulia wapi?" Akageuza feni. Wale vidudu vya ziwani, vinavyopaa kama moshi na kuja kufia kwenye taa, vimejazana pamoja na vumbi mpaka vikawa kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, dayodi inapikwa. Angebadilisha dayodi peke yake ningerudi kwake giza linalofuata. Sasa nimefunga wavu mwembamba mbele ya feni, na kila Jumapili naupiga brashi.

Nimelipa 95,000: dayodi, waya mpya mnene, vibanio viwili na ufundi. Vilivyoharibika amenirudishia mkononi. Ameniandikia na risiti.

Lililoniuma ni siku. Aliniahidi Jumatano, nikaichukua Ijumaa, na simu hakupokea Alhamisi nzima. Siku mbili za giza kwa mtu wa Igombe ni hela nyingi, na ni wateja kuhamia kwa jirani. Nimemwambia usoni, akaomba radhi, akasema dayodi ya ukubwa ule ilimsumbua kupatikana. Sawa mwanangu, ila piga simu. Pia bajaji haifiki mlangoni. Chaja ya kilo zaidi ya 40 tuliipandisha watu wawili kwenye ngazi za mawe, kwa hiyo nenda na mtu mwenye nguvu.

Ukienda, beba na waya zake, vibanio, na betri mbili unazozitumia. Wengi wanapeleka boksi tupu, na boksi tupu lisingemwonyesha ile 26.3. Na ukifika nyumbani usisahau alilonisisitizia mara tatu: zima chaja kwanza ndipo uchomoe kibanio, kwa sababu betri inayochemka inatoa gesi, na cheche moja inatosha kuipasua usoni mwako.

Jana nilifunga jozi sita. Mshale ulianzia 40.