SSD ya kuweka kwenye laptopu ya zamani: ipi uanze nayo na ipi usiiguse

Ndugu yangu kabla hujakopa hela ya laptopu mpya hebu itazame kwanza hiyo uliyonayo. Kama ni ThinkPad T440 au EliteBook 840 G1, hizi za mtumba zilizojaa Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi, na ndani bado ina hadidiski ya kuzunguka, basi ugonjwa wake ni huo, na dawa yake ni SSD, yaani diski ya chipu tupu. Prosesa ya i5 haijachoka, kinachochelewesha ni diski inahangaika kutafuta faili huku na huku, ndo maana unawasha, unaenda kubandika chai, unarudi bado haijatulia.

Namba moja kwangu ni SSD ya SATA (plagi ileile ya hadidiski) ya inchi 2.5, giga 500, Samsung 870 EVO au Crucial MX500. Inakaa palepale ilipotoka hadidiski. Hadidiski inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde hivi, hizi zinafika 560, ila mimi ninachopenda zaidi ni kwamba haina kitu kinachozunguka, unapanda nayo bodaboda kwenye barabara ya mashimo haidhuriki. Waranti miaka 5, na hiyo EVO ya 500 kampuni inaidhamini mpaka uiandikie terabaiti 300, kwa mtu wa Word na muvi laptopu yenyewe itatangulia kufa kabla ya hiyo SSD.

Mfuko ukibana chukua Kingston A400 au Crucial BX500. Ukikopi mzigo mkubwa kwa mkupuo inaanza kwa kasi halafu inapoa, lakini kuwasha na kufungua Chrome tofauti huioni sana. Waranti yake miaka 3. Chukua ya 480, au 240 ukikosa kabisa, ya 120 achana nayo, Windows na apdeti zake zinaimaliza mapema na SSD ikijaa pomoni inakuwa nzito.

M.2, zile SSD nyembamba kama kipande cha ramu, naiweka ya tatu, sio kwamba ni mbaya, ni kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Kwa macho zinafanana lakini kuna ya SATA na kuna ya NVMe, ambayo ni aina ya kasi zaidi, ukichomeka NVMe kwenye sloti ya SATA laptopu haiioni kabisa. T440 ina kasloti kafupi ka milimita 42, wakati EliteBook 840 G3 inapokea NVMe ya milimita 80. Soma modeli kamili, fungua mfuniko uone kwa macho yako, ndo ulipe.

Wenye MacBook Pro ya 2012, ile ya inchi 13 yenye sehemu ya CD, nyie ni SATA ya inchi 2.5 pia, ila SSD mpya ikionekana mara ikipotea badilisha kebo ya diski kwanza, kwenye hizo kebo huwa inachoka.

SSD yuzdi sawa, kama muuzaji anakubali uichomeke na ufungue programu ya CrystalDiskInfo uone asilimia ya afya palepale.

Ya kukimbia ni ile isiyo na jina, terabaiti 2 kwa bei ya giga 240. Niliwahi kununua, nikahamishia picha za familia, majina ya faili yote yapo ila ukifungua hakuna picha, na nyingine sikuzipata tena mpaka leo. Zinachezewa zidanganye ukubwa, uwezo halisi ukiisha vinavyofuata vinapotea. Ukishanunua yoyote ipime na H2testw, programu ya kupima uwezo halisi, kabla hujaweka kitu cha maana.

Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 na i5 za laptopu hizi za zamani haziko kwenye orodha ya Windows 11, so mimi kwenye SSD mpya ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na kama ramu ni 4 ongeza ifike 8 wakati mfuniko uko wazi.

Hadidiski iliyotoka usiitupe, itafutie kasha la USB uwekee muvi na bekapu, ila ukiisikia inagonga tik tik toa vitu vyako usiku huohuo.