Raba za Kool-Stop za samoni kwenye baiskeli ya resi, uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asome hapa tu aondoke: kama breki zako za rimu (zile zinazobana ukingo wa gurudumu) zinasuasua, usikimbilie kununua kalipa mpya, yaani yale mataya yanayobana rimu. Badili raba zinazogusa rimu, badili waya pamoja na ganda lake, yaani ile bomba anamopita waya, halafu panga kila kitu kwa utulivu. Mimi nimefunga raba za Kool-Stop, zile za rangi ya samoni (waridi lenye rangi ya chungwa), modeli ya Dura 2, kwenye kalipa zilezile za Shimano 105 nilizokuwa nazo, na aisee hii baiskeli sasa inasimama.

Raba zilizokuwepo zilikuja na baiskeli, kampuni siitaji. Zilikuwa ngumu, zinang'aa kama kioo, na mvua ikinyesha unabana breki unasubiri kwanza rimu ifutike ndo zianze kushika, kwenye mteremko hicho kitambo kidogo ni kirefu sana bana. Ukizichomoa unakuta vipande vidogo vya alumini vimejichomeka ndani, na hivyo ndo vinavyokwangua rimu na kuleta ile sauti ya mchanga. Unaweza kuving'oa na ncha ya kisu ukapiga msasa juu, inasaidia kwa muda, ila raba ikishakauka imekauka.

Hizi za samoni zimetengenezwa hasa kwa ajili ya maji na ndipo zinapoonyesha tofauti. Kwenye ukavu ni nzuri tu, sio muujiza, mtu asikudanganye. Rimu haichafuki kwa ule uji mweusi kama zamani, ingawa kuna vumbi jekundu kidogo, ukiwa na fremu nyeupe utaliona. Kuziingiza kwenye kile kishikio kinachofungwa kwenye kalipa ndo kazi, zinabana kweli, mimi nilipaka spiriti kidogo zikateleza halafu ikakauka yenyewe. Usipake mafuta kabisa, hata tone. Na angalia upande: sehemu iliyozibwa ya kishikio ikae mbele, iliyo wazi iangalie nyuma, maana ukifunga breki rimu inaivuta raba kwenda mbele, ukigeuza raba inaweza kuchomoka yote. Kuna alama za L (kushoto) na R (kulia), zifuate, na kale kaskrubu kadogo kanakoshikilia raba usikasahau.

Sasa waya. Hapa ndo naona watu wengi wanapuuza na kiukweli nusu ya utamu umetoka hapa. Ganda la zamani ukibana breki lilikuwa linajikunja lenyewe, nguvu ya mkono inaishia njiani, unahisi kama unakamua sponji. Nimeweka ganda jipya la milimita 5 na waya wa milimita 1.6 wa chuma kisichoshika kutu. Ganda la gia ni jingine, nyuzi zake zimelala kwa urefu, na ukilitumia kwenye breki linaweza kupasuka siku unayobana kwa nguvu zote, kwa hiyo hata kama kimebaki kipande kizuri usikitumie. Ukikata ganda, ncha iwe bapa, piga tupa kidogo, tanua tundu la ndani na kitu chenye ncha, ndo uvalishe kofia yake. Ncha ikikaa mshazari ndo ule ulaini unarudi na unaanza kulaumu raba bure. Urefu nao, ganda lisikunjwe kona kali na usukani ugeuke kote kote bila kuvuta.

Kupanga raba kunataka subira tu. Safisha rimu kwanza kwa spiriti na kitambaa safi. Raba ikae yote juu ya ukuta wa rimu, ukingo wake wa juu uwe chini ya ukingo wa rimu kama milimita moja hivi, isiguse tairi hata kidogo maana itakula ubavu wa tairi mpaka lipasuke. Ikishuka sana nayo inaning'inia nje ya ukuta, inalika nusu na kuacha mdomo. Kama breki inapiga kelele, ifanye ncha ya mbele ya raba iguse rimu kabla ya ya nyuma, tofauti ndogo sana, mi nachomeka kipande cha kadi kati ya ncha ya nyuma ya raba na rimu, nabana breki, nakaza, nakichomoa. Kelele kwisha.

Waya ukishaukaza bana breki kwa nguvu mara kadhaa, utalegea kidogo, uvute tena. Nafasi ya raba zote mbili ukijumlisha iwe milimita 3 mpaka 4, na kama upande mmoja unagusa kuna skrubu ndogo juu ya kalipa ya kuweka taya katikati, sio kuipiga kalipa na nyundo kama nilivyoona fundi mmoja akifanya jamani. Ila rimu yenyewe ikiwa inayumba hutapata hiyo nafasi, inyooshe kwanza kwa kukaza na kulegeza spoki. Na kama rimu ina kile kimfereji au kitobo cha kuonyesha ulaji na hukioni tena, tupa rimu, hapo raba nzuri haisaidii.

Kasoro? Kibano cha kwanza utasema umeibiwa, mpaka uso wa raba ukae sawa na rimu ndo zinashika vizuri. Na hizi ni za rimu za alumini, wenye rimu za kaboni tafuteni raba za kaboni, na msihamishe raba iliyowahi kutumika kwenye alumini, vile vipande vyake vitachana kaboni. Kama kalipa yako ni zile nyembamba zisizo na jina ambazo taya zinapinda ukizitazama, hapo ndo ntakwambia badili kalipa. Mimi natoa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimekata sababu ya vumbi jekundu kwenye fremu yangu.