Walinilipisha filta mpya, wakaniachia ileile yenye rangi ya kucha zangu

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike na kuwapa nyota gereji ya wakala wa lori langu. Hazikupoa, kwa hiyo naandika nazo.

Lori langu ni la tani 10, jipya kabisa, kiti cha utingo hadi leo sijakivua nailoni. Nabeba viazi mviringo toka Njombe kwenda Dar, nikirudi napakia saruji. Miaka yote nilikuwa nakodi magari ya watu, kwa hiyo najua maana ya gari kukufia porini huku magunia yanaanza kuvuja maji. Mtu mzima kama mimi kuandika habari za filta ya oili, chujio la injini, mwanzo mpaka mwisho, msinishangae. Nguvu za injini na mengineyo yapo kwenye vipeperushi vyao, katafuteni huko.

Kilichonipeleka gereji ya wakala ni waranti tu. Bila muhuri wao kwenye kitabu, injini ikinoki ni msiba wako peke yako. Nikawaacha mafundi wangu wa mtaani, nikaenda kwenye vigae na kiyoyozi. Najuta. Au niseme najuta nusu, mtaona huko mbele.

Kwanza oili, maana hapo kila mtu ni mtaalamu. Dereva wangu amekulia kwenye malori ya zamani. Kwake oili ni ile ya namba moja tu, 40, nzito kama uji wa ulezi, na inamwagwa kila kilomita 3,000. Ikiwa nyeusi, imekufa. Muuza spea naye akaja na 20W-50: "Mama, mzigo mzito unataka oili nzito." Shemeji yangu, dereva wa basi, akasema, "Shemeji, achana nao wote, soma kitabu." Nikasoma. Kitabu kinataka 15W-40 ya daraja la CI-4 kwenda juu, madaraja ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Hiyo C ndiyo ya dizeli, za petroli zinaanza na S. Namba yenye W inahusu oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na aliyewahi kunawa uso kwa maji ya bomba Njombe mwezi wa saba hahitaji kuelezwa zaidi. Oili nzito inachelewa kufika juu, na injini inaumia dakika zilezile za mwanzo. CK-4, daraja jipya zaidi lililotoka mwishoni mwa 2016, inafaa pia palipoandikwa CI-4. Ila FA-4 ni kitu kingine, nyepesi, ya injini chache maalumu. Muuzaji asikuchanganye kwa sababu zote zina 4.

Kuhusu weusi, dereva wangu amekosea na bado hataki kukubali. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si kwamba imekufa. Kazi yake ni kubeba masizi ili yasigande ndani, kwa hiyo lazima ichafuke, tena mapema.

Kilomita sasa. Kitabu changu kinasema sevisi ya kwanza 5,000, baada ya hapo kila 10,000, na kwa kazi ngumu nusu yake. Nikatafuta kazi ngumu ni ipi: vumbi, milima, mzigo kamili, kuunguruma muda mrefu gari limesimama. Yaani wamenieleza mimi bila kunitaja jina. Njia ya shambani ni vumbi tupu, mlima Kitonga naupanda na saruji kwa gia ndogo, na kwenye mizani gari linaunguruma foleni nzima na kilomita haziongezeki hata moja. Anayehesabu kilomita peke yake anajidanganya, injini inahesabu saa. Kwa hiyo kwangu ni 5,000, mjadala umefungwa.

Sasa kisa chenyewe.

Usiku wa kuamkia sevisi shemeji alinipigia simu. "Weka alama kwenye filta kabla hujawapa gari." Nikamwambia hawa ni wakala, si vijana wa chini ya mwembe. Akasema, "Weka tu, shemeji." Basi nikaingia chini ya gari na kitenge changu na tochi ya simu, nikachukua rangi ya kucha, zambarau ile yenye pambo, nikaweka nukta moja kwenye tako la filta, pale ambapo mtu asiyejua haangalii. Nikaipuliza ikakauka. Nilijiona mjinga kweli.

Asubuhi tukafika. Kijana wa mapokezi akamsalimia dereva, akamuuliza dereva, akampa dereva karatasi asaini. Nimesimama pale na funguo mkononi. Dereva akaniangalia mimi. Kijana akasema, "Mama, wewe kapumzike pale kwenye makochi, tunamalizana na mwenye gari." Nikasema mwenye gari ndiye mimi. Hakuomba radhi, alicheka. Cheko lile ninalo hadi leo.

Nikaenda kuchungulia wanavyomwaga oili. Oili mpya inatoka kwenye pipa kubwa kwa pampu ya mkono, na upande ulioelekea kwangu hauna karatasi yoyote. Nikauliza, hiyo ni CI-4? Akajibu bila kugeuka, "Mama, oili ni oili." Nikarudi kwenye makochi. Ankara ilipokuja: oili lita 20, filta ya oili moja, washa ya nati ya kumwagia, ufundi. Injini yangu inakula lita 16 pamoja na filta, kitabu kinasema. Nikauliza zile 4 ziko wapi. "Ndiyo utaratibu." Nikalipa, kwa sababu foleni ya saruji ilikuwa inanisubiri.

Tuko kwenye foleni ya kupakia huko Wazo, jua la saa saba, moyo ukakataa kutulia. Nikashuka, nikachungulia nyuma ya tairi la mbele. Filta imefutwa na kitambaa safi, inang'aa kama mpya. Na kwenye tako lake, nukta yangu ya zambarau, na pambo lake, imetulia inaniangalia.

Sikupiga kelele. Nilimwonyesha dereva kidole changu, kisha nukta. Akasema tu, "Loh." Tukageuza lori, nafasi ya foleni ikaenda, na siku ya pili ya kulala Dar ikaanza hapo.

Kijana yuleyule akamwita msimamizi wake. Msimamizi akainama, akaangalia, akasema labda ni rangi ya kiwandani. Nikaweka mkono wangu pembeni ya filta, kucha tano, zambarau, pambo. Mtu mwenye haya angesema pole. Yeye akasema, "Mama, kwani wewe na lori wapi na wapi?"

Hapo nyota zote zikafa. Filta inaweza kusahaulika, mtu akakosea. Lakini kauli ile haikukosewa, ilitoka kwenye kina cha roho. Nilimweleza maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, na nikisema ukweli sijutii hata moja.

Ila sasa, na hapa ndipo ninapokwama. Kelele zile zilimtoa fundi mmoja mzee toka nyuma, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, tatizo nini?" Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema wazi mbele ya msimamizi wake kwamba asubuhi ile filta hazikuwepo stoo, zimeletwa mchana. Yaani waliandika kwenye ankara kitu ambacho hata hawakuwa nacho. Akaingia chini mwenyewe, akaifungua, akapaka oili kidogo kwenye mpira wa ile mpya, akaifunga kwa mkono.

Kisha akachukua ile ya zamani, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaikunjua karatasi yake ya ndani kwenye gazeti juani. Kwenye mikunjo kulikuwa na chenga ndogo ndogo zinazong'aa, kama vile mtu kamwagia pambo la kucha. Akaniambia injini mpya inajisugua yenyewe mwanzoni, chuma kinazoeana na chuma, na hizi ndizo takataka zake. Ndiyo maana sevisi ya kwanza haina mzaha. Zikiwa za namna hii na chache, ni kawaida. Ukiona vipande, au chenga za rangi ya shaba, hizo ni beringi, simamisha gari. Na filta ikiziba, ina valvu inayofunguka ili oili iendelee kupita, ila inapita bila kuchujwa. Injini haitakwambia kitu hadi siku yake.

Nilitaka oili yote imwagwe upya. Akasema, "Mwanangu, haijatembea hata kilomita 40, na filta ilikuwa haijaziba. Usimwage pesa." Angeniambia msimamizi ningekataa. Kwa mzee nilikubali papo hapo. Akanizungusha hadi upande wa pili wa pipa: 15W-40, CI-4, karatasi iko wazi kabisa. Hapo nilikosea mimi, nakiri. Oili haikuwa na kosa. Lita zangu 4 alinijazia kwenye dumu, na pesa ya ufundi wakanirudishia bila hata mimi kudai, nadhani ili niondoke.

Kwa hiyo nawapa ngapi? Nilianza na moja. Kwa ajili ya mzee yule nikaandika tatu. Nikakumbuka "wapi na wapi", nikafuta. Gari lenyewe sina neno nalo, limepanda Kitonga na saruji injini inaimba, oili haipungui kwenye kijiti. Basi mbili, na zote mbili ni za mzee, wengine wasigawane.

Kuacha kwenda siwezi, waranti imenishika shingo. Ila sasa naenda na ndoo yangu ya oili iliyofungwa na filta yangu kwenye boksi, nimeuliza wakasema inaruhusiwa ikiwa ni ya daraja la kwenye kitabu. Makochi yao sikalii, nabeba kigoda changu nakaa pembeni ya tairi. Sevisi nyingine inakaribia, zimebaki kilomita kama 600. Juzi nimenunua rangi nyekundu, maana zambarau watakuwa wameshaizoea.