Pool: meza ya Wandegeya au FooBillard?

Anayeanza kujifunza jinsi mipira ya pool, ule mchezo wa mezani wa kugonga mipira kwa fimbo, inavyogongana, namshauri aanze na FooBillard kwenye kompyuta. Ni programu ndogo ya bure, haihitaji intaneti, na ndani yake mna pool na snuka, mchezo wa jamii hiyo hiyo. Piga mpira mweupe umfikie mwenzake ukiteleza, bila kuzunguka: ukimgonga mwenzake katikati kabisa, mweupe husimama papo hapo na ule mwingine huondoka, ukimgusa ubavuni, huachana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Pigo hilo utalirudia upendavyo bila kutoa hata shilingi.

Meza ya mtaani Wandegeya, hapa Kampala, hudai sarafu kila mchezo, na kitambaa kikichakaa mipira hupinda njia. Lakini fimbo huzoeleka mkononi pale pale tu, na wachezaji wa Kampala hawakuonei huruma. Kama lengo ni mashindano, nenda mezani.